Dinamo na Batri ya Motokari

Mmekwisha kuona dereva akibonyeza kifungo, na mara moteri yanguruma. Nguvu ile yatoka katika batri, yaani sanduku lenye sahani za risasi na maji makali ya asidi. Lakini batri ni kama mtungi: ukiteka tu bila kujaza, utakauka. Anayeijaza ni nani? Ni dinamo, inayozungushwa na moteri.

Zamani huko Marekani, motokari za Ford za aina ya T ziliwashwa kwa kuzungusha mpini wa chuma. Mara nyingine mpini ulirudi kwa nguvu ukamvunja mtu mkono. Basi kuanzia mwaka 1919 Ford walianza kuzitia batri ya volti 6, dinamo, na moteri ndogo ya kuamsha ile kubwa. Hapo shida mbili zilitaka dawa.

Moteri ikienda polepole, dinamo ni dhaifu kuliko batri. Umeme hurudi nyuma, na batri yaisha. Kwa hiyo juu ya dinamo palikuwa na kisanduku chenye chuma kilichozungushiwa waya, na ulimi mdogo. Dinamo ikipata nguvu, chuma kile chageuka sumaku, chavuta ulimi, na njia ya umeme yaungana. Moteri ikilegea, kamani yauinua ulimi, na njia yakatika.

Shida ya pili ni ngumu zaidi. Batri iliyoshiba ikizidi kulishwa hupata joto. Maji yake huvunjika yakawa hewa iwezayo kulipuka, na sahani huharibika. Dinamo ya kawaida ina vipande viwili vya makaa vinavyogusa shaba izungukayo na kuchukua umeme. Mafundi wakaongeza cha tatu, kulisha sumaku ya dinamo yenyewe. Mbio zikizidi, kipande hiki kilipata umeme kidogo, sumaku ikalegea, na dinamo haikupita kiasi.

Ni akili nzuri, lakini kipofu. Kipande kile kilifuata mbio tu. Hakikujua kama batri ina njaa au imeshiba. Basi fundi alikisogeza kwa mkono: majira ya baridi, usiku ukiwa mrefu na taa zikiwaka sana, aliongeza umeme, majira ya joto alipunguza. Na dereva mwenye safari ndefu ya mchana aliwasha taa kubwa juani, zile umeme uliozidi! Tena ole wake aliyefungua waya wa batri moteri ikienda: volti zilipanda, zikaunguza taa na dinamo pia.

Katika miaka ya 1930 ilienea regulata, chombo kipimacho volti. Batri ikijaa, volti hupanda. Hapo ulimi wa regulata hutetemeka upesi, ukikatakata umeme wa sumaku ya dinamo mpaka upungue. Motokari za leo zina alteneta mahali pa dinamo, na kazi ya kupima hufanywa na kipande kidogo cha elektroniki, kisicho na ulimi wala kamani.