Funguo za Hazina ya Elimu



Kutoka Mutanga Nord, hapa mjini Bujumbura, si mbali kufika Kampasi ya Mutanga ya Chuo Kikuu cha Burundi, kilichoanzishwa mwaka 1964. Kila mwanafunzi anayemaliza tasnifu yake pahali kama hapo hukabiliwa na swali zito: nani ataiweka katika hazina ya chuo, na itajulikanaje kwamba ni yeye kweli?

Zamani mkutubi alimtazama mletaji usoni, akapokea kitabu, akaandika daftarini. Siku hizi vyuo vingi, kikiwamo Chuo Kikuu cha Nairobi, huhifadhi maandishi kwa programu ya DSpace, iliyotolewa Marekani mwaka 2002. Nayo hupokea kazi kutoka mbali kwa itifaki iitwayo SWORD, iliyobuniwa Uingereza mwaka 2007. Hapo hakuna uso wa kutazamwa. Kuna ufunguo tu.

Ufunguo wa kwanza ni jina na neno la siri, vinavyopelekwa pamoja na kila ombi. Ni njia rahisi, lakini herufi zake hugeuzwa umbo tu, wala hazifichwi. Yeyote azinasaye njiani aweza kuzisoma. Kwa hiyo hapana budi zipite katika mawasiliano yaliyofungwa kwa maandishi ya siri. Njia ya pili haipeleki neno lenyewe, bali matokeo ya hesabu iliyofanywa juu yake.

Ya tatu ni ufunguo mrefu unaopewa programu badala ya mtu. Huo hufaa kazi ya kila siku, ila aliyeuiba huingia kama mwenyewe mpaka utakapofutwa. Ya nne, iitwayo OAuth, humwezesha mwenye kazi kutoa hati ya ruhusa yenye mipaka na muda, bila kumpa mtu mwingine neno lake la siri. Toleo la tatu la SWORD huiruhusu seva kutangaza ni njia zipi inazozikubali.

Tena itifaki hiyo huruhusu mtu kuweka kazi kwa niaba ya mwingine, kama karani wa maktaba amwekeavyo profesa. Jambo hili ni jema, lakini ndipo penye hatari kubwa. Daftari la hazina lisipoonyesha majina yote mawili, la aliyeweka na la mwenye kazi, basi tasnifu ya uongo yaweza kubandikwa jina la mtu asiye na hatia.

Ni dhahiri, basi, kwamba neno moja la siri linalotumiwa na ofisi nzima si akiba ya gharama. Likivuja, hakuna ajuaye nani alifungua mlango. Kila mtu na awe na ufunguo wake, nao ufutwe siku aachapo kazi. Hazina ya elimu huheshimiwa kwa kuaminika kwa majina yaliyomo, wala si kwa wingi wa maandishi yake.