Kuingia si Kufaa: Kukarabati au Kubadili Kamera Kongwe ya Filamu

Utangulizi

Mtafiti wa fasihi simulizi aendapo nyanjani hubeba vyombo viwili asivyoweza kuviepuka: kinasa sauti na kamera. Kuhusu kinasa sauti tumefundishwa mengi darasani. Kuhusu kamera tumeachwa tujifunze wenyewe, na mara nyingi tunajifunza baada ya hasara. Wengi wetu, hasa tuliotoka vijijini, kamera ya kwanza kuishika ilikuwa ya urithi: kamera nzito ya chuma, itumiayo filamu ya milimita 35, iliyoachwa na mzee wa nyumbani. Swali hujitokeza papo hapo: je, chombo hiki kikarabatiwe au kiwekwe kando kinunuliwe kingine?

Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo kwa kutumia mfano mmoja ninaoufahamu vyema. Hoja ya msingi ni kwamba kamera kongwe ni nadra kufa yenyewe. Kinachokufa ni vitu inavyovitegemea, kama vile betri, sponji, filamu na maabara. Anayetaka kukarabati au kubadili hana budi kwanza kutambua ni kipi kilichokufa, na ni kipi kilicho hai.

Kamera yenyewe

Kamera ninayoizungumzia ni Minolta SR-T 101, aina iliyoingia sokoni mwaka 1966. Ilikuwa mali ya baba yangu mdogo, aliyekuwa mpigapicha wa kutembea sokoni Katito, penye njia panda ya barabara itokayo Ahero, ambapo tawi moja huelekea Sondu na Kisii, na jingine Kendu Bay na Homa Bay. Siku za soko alipiga picha za maharusi, za watoto wachanga na za wazee waliohitaji ukumbusho. Filamu zilisafirishwa hadi mjini Kisumu kusafishwa, na wateja wakangoja wiki nzima.

Kamera ya namna hii huitwa SLR. Sifa yake kuu ni kwamba mpigapicha hutazama kupitia lenzi ile ile inayonasa picha. Nyuma ya lenzi kuna kioo kilichoinama kwa nyuzi 45, ambacho huupeleka mwanga juu kwenye mche wa kioo na hatimaye jichoni. Kidole kinapobonyeza, kioo huinuka, pazia la shata hufunguka kwa kipande cha sekunde, mwanga huifikia filamu, kisha kioo hurudi mahali pake.

Jambo muhimu kwa mjadala wetu ni hili: katika SR-T 101 kazi hiyo yote, tangu sekunde moja hadi sehemu moja ya elfu ya sekunde, hufanywa na springi na magurudumu ya meno. Betri haihusiki. Betri hulisha kipima mwanga peke yake, yaani ule mshale unaomwonyesha mpigapicha mwanga uliopo ni kiasi gani. Kwa hiyo kamera ambayo betri yake imekufa si maiti. Imepoteza mshauri tu.

Yaliyonifika

Mwezi Agosti mwaka 2023 nilimtembelea mzee mmoja wa Nyakach, mpiga nyatiti, ili nirekodi nyimbo zake kwa ajili ya utafiti wangu wa uzamili. Nyatiti ina nyuzi nane, na mpigaji huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu ili agongee mdundo huku vidole vya mikono vikicheza na nyuzi. Nilitaka picha itakayoonyesha mikono, mguu na uso kwa pamoja. Mzee naye aliniomba jambo moja tu: nimletee picha moja akiwa amekishika chombo chake.

Nilikuwa nimeipata betri mpya iliyolingana na ile ya zamani kwa umbo. Iliingia bila taabu, mshale ukacheza, nikaridhika. Mzee aliketi barazani, nyuma yake ukuta uliopakwa chokaa nyeupe. Nikaufuata mshale kwa uaminifu, nikapiga filamu nzima.

Niliposafisha filamu ile, negativu zilitoka nyepesi mno, kama kioo kilichopakwa moshi kidogo. Nikajiambia kwamba nitarudi Desemba. Mzee alifariki Novemba. Siku ya mazishi jamaa zake waliniuliza picha ziko wapi, na sikuwa na la kuwaonyesha. Iliyowekwa juu ya jeneza ilikuwa picha ya kitambulisho iliyokuzwa hadi ikapoteza sura.

Kosa lilikuwa langu, na ni kosa linaloelezeka kisayansi.

Suala la betri

Kamera nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilitengenezwa zitumie betri ndogo ya zebaki iliyoitwa PX625. Betri hiyo ilitoa volti 1.35, na sifa yake kubwa ilikuwa kutoyumba: ilibaki karibu na kiwango hicho tangu siku ya kwanza hadi ilipokaribia kufa. Wahandisi waliupima mshale kwa kuitegemea.

Zebaki, hata hivyo, ni sumu. Mwaka 1956 ugonjwa wa ajabu ulitambuliwa rasmi katika mji wa Minamata nchini Japani, miongoni mwa watu waliokula samaki wa ghuba iliyomwagiwa taka za zebaki na kiwanda. Sisi tuishio kando ya ziwa, ambao samaki ni chakula chetu na biashara yetu, hatuna haja ya kuelezwa uzito wa jambo hilo. Marekani ilipiga marufuku betri hizo kwa sheria ya mwaka 1996, na mwaka 2013 mataifa yakakubaliana juu ya Mkataba wa Minamata wa kuidhibiti zebaki duniani. Betri ya PX625 ikatoweka kwa sababu ya haki kabisa, na kamera zilizoitegemea zikabaki yatima.

Betri niliyoinunua ilikuwa ya alkalini. Umbo ni lile lile, lakini hutoa volti 1.5 ikiwa mpya, kisha hushuka polepole kila inapotumika. Volti zinapozidi, mshale hupanda kuliko inavyostahili. Kamera hudhani mwanga ni mwingi, na mpigapicha akiutii hubana tundu la lenzi au huharakisha shata. Picha hutoka na giza. Kosa hili laweza kufika hatua moja au zaidi, na kila hatua ni nusu ya mwanga.

Juu ya kosa hilo niliongeza la pili. Kipima mwanga hakijui kinatazama nini. Hukichukulia kila kilicho mbele yake kuwa na wastani wa kijivu. Kikielekezwa kwenye ukuta wa chokaa, hujitahidi kuufanya ukuta uwe kijivu. Na mtu mweusi aliyeketi mbele ya ukuta huo huzama kizani. Minolta waliweka vihisi viwili, cha juu na cha chini, ili mwanga wa angani usikihadae kipimo, lakini nilikuwa nimeisimamisha kamera wima, hali ambayo mpango huo haukutarajiwa kuitumikia. Makosa mawili yakaelekea upande mmoja. Huenda filamu yangu ilipata thumuni tu ya mwanga iliouhitaji.

Tiba za betri ziko nne, na msomaji achague kulingana na uwezo wake. Ya kwanza ni betri ya zinki na hewa, namba 675, itumikayo katika vifaa vya kusaidia kusikia. Hutoa takriban volti 1.4 bila kuyumba. Ni nyembamba kuliko ile ya asili, hivyo huhitaji pete ya kuishikilia, na ikishabanduliwa karatasi yake huishi kwa majuma machache tu. Ya pili ni betri ya oksidi ya fedha, yenye volti 1.55 zisizoyumba, pamoja na diodi ndogo ya aina ya Schottky inayolehemiwa kwenye waya wa betri chini ya kamera. Diodi hupunguza takriban volti 0.2. Kamera yangu ilifanyiwa hivyo na fundi wa redio pale Katito kwa muda usiozidi saa moja, na kazi yake yaweza kutenguliwa wakati wowote. Ya tatu ni kukipima upya kipima mwanga chenyewe, kazi ya fundi bingwa wa kamera. Ya nne ni kuishi bila betri. Kanuni ya wazee ni rahisi: juani, weka tundu f/16, na kasi ya shata iwe sawa na kasi ya filamu, kwa filamu ya ISO 400, tumia sehemu moja ya 500. Kwenye kivuli kilicho wazi, fungua hadi f/5.6. Laiti ningeifuata kanuni hii siku ile, mzee angeonekana.

Maradhi mengine

Baada ya betri, tazama sponji. Mlango wa nyuma wa kamera hizi huzibwa kwa sponji nyeusi ili mwanga usipenye. Baada ya miaka 20 au 30, na hasa katika joto letu, sponji hugeuka ute mfano wa lami, na filamu ikaungua ndani kwa ndani. Sponji ya zamani husuguliwa kwa kijiti na spiriti, kisha uzi wa sufu mweusi au kitambaa cha felti hubandikwa badala yake. Kazi hii haihitaji fundi.

Hali kadhalika, chunguza lenzi dhidi ya mwanga. Ukiona nyuzi mfano wa utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Humea palipo na unyevu na giza, na kando ya ziwa unyevu haukosekani. Ikiachwa, hula utando wa kinga ulio juu ya kioo, na alama zake hazifutiki. Mkoba wa ngozi uliofungiwa kabatini ni kiota chake. Heri kisanduku kisichopitisha hewa, chenye vijifuko vya silika ya kufyonza unyevu.

Kubadili kamera

Yupo atakayeuliza: kwa nini tusiugeuze mwili wa kamera kongwe uwe wa kidijitali? Wazo hili lilijaribiwa. Mwaka 1998 kampuni moja ya Marekani, iliyokuja kujulikana kwa jina la Silicon Film, ilitangaza kifaa cha kuingizwa mahali pa filamu ili kinase picha kielektroniki. Kufikia mwaka 2001 ilikuwa imesitisha shughuli bila kukiuza. Ugumu ulikuwa dhahiri: kihisi lazima kikae pale pale filamu ilipokaa, bila kupungua wala kuzidi, na kijue ni lini shata imefunguka.

Njia iliyofaulu ni kuubadili mwili na kuihifadhi lenzi. Hapa nako kuna mtego wa kuingia na kufaa. Kila lenzi imeundwa ikae umbali maalumu kutoka kwa filamu. Lenzi za Minolta za aina hii huhitaji milimita 43.5 kutoka kwenye kiungio. Kamera za SLR za Canon aina ya EF zina milimita 44, na za Nikon 46.5. Lenzi ikiwekwa mbali kuliko inavyotakiwa, huona kitabu kilicho mkononi, lakini haioni sawasawa miinuko ya Nyabondo. Minolta wenyewe walikibadili kiungio chao mwaka 1985, wakaziacha lenzi za kale. Na mwaka 2006 kampuni, iliyokuwa imeungana na Konica, ikajitoa katika biashara ya kamera na kuikabidhi kwa Sony.

Ajabu ni kwamba wokovu ulitoka huko huko. Mwaka 2010 Sony walileta kamera za kidijitali zisizo na kioo cha kuinuka. Kioo kilipoondolewa, umbali ulipungua hadi milimita 18. Adapta ya milimita 25.5, ambayo ni bomba tupu lisilo na kioo ndani, huijaza tofauti hiyo kikamilifu. Kihisi cha kamera hizo za awali ni kidogo kuliko filamu, hivyo lenzi ya milimita 50 huona kama ya 75. Tangu mwaka 2013 zipo zenye kihisi kilicho sawa na filamu, japo bei yake ni ya juu. Fokasi itabaki kazi ya mkono.

Kwa utafiti wa nyanjani, msimamo wangu ni kwamba kamera ya kidijitali haina mbadala. Huonyesha kosa papo hapo, wakati mhusika angali ameketi mbele yako. Kamera ya filamu ikarabatiwe, itumike, ipendwe, lakini isikabidhiwe peke yake tukio lisilorudiwa.

Hitimisho

Tumeona kuwa kukarabati na kubadili si mahasimu. Anayerithi kamera na aanze kwa kuziokoa negativu zilizorithiwa pamoja nayo, kwa kuwa hizo hazina vipuri. Ziweke juu ya karatasi nyeupe iliyomulikwa kutoka chini, uzipige picha kwa kamera ya kidijitali, kisha uzigeuze rangi kwa kompyuta. Ndipo ashughulikie betri, sponji na lenzi, akichagua daima badiliko linaloweza kutenguliwa. Mwili wa kamera ubadilishwe mwisho.

Negativu za mzee wangu nilizifanyia hivyo. Katika moja, nyuzi nane zinahesabika, na pete ya kidole gumba inang'aa. Uso haukurudi. Niliichapisha hivyo hivyo, nikaipeleka kwa jamaa zake. Mjane aliitazama kwa muda mrefu, akasema mikono ni yake.