Ugumu wa Vidole Asubuhi: Tazama na Ngozi Yako

Mkulima anayeamka alfajiri kukamua ng'ombe huijua mikono yake vizuri. Basi ikiwa vidole vyako huwa vigumu kila asubuhi kwa nusu saa au zaidi, hata chuchu ya ng'ombe haishikiki, itazame na ngozi yako. Je, una mabaka yenye magamba meupe viwikoni, magotini au kichwani? Huenda mambo hayo mawili ni ugonjwa mmoja.

Ugonjwa huo wa ngozi huitwa soriasisi. Hauambukizi, wala si choa wala ukoma. Katika kila watu 10 wenye soriasisi, hata 3 huweza kuugua viungo pia. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, hugeuka ikashambulia viungo na mahali kano zinaposhikana na mfupa. Mara nyingi ngozi hutangulia kwa miaka mingi, na kwa hivyo mgonjwa hafikiri kuyaunganisha.

Jina la baridi yabisi nalo limetupoteza. Mtu wa Kinangop akiumwa na vidole hulaumu umande, akajipaka dawa ya kuchua na kungoja jua. Mwingine huambiwa ana jongo. Wa tatu hupimwa damu, kipimo kisionyeshe kitu, akarudishwa nyumbani na vidonge vya maumivu. Kumbe kipimo hicho ni cha yabisi ya namna nyingine, na katika ugonjwa huu kwa kawaida hakionyeshi kitu.

Madaktari wa Dublin, nchini Ireland, walitangaza mwaka 2015 kwamba wagonjwa waliochelewa zaidi ya miezi 6 kumwona daktari wa viungo walikutwa mifupa yao imelika zaidi, na kazi za kila siku ziliwashinda zaidi. Mfupa uliolika haurudi.

Na kuna madhara yasiyoonekana katika picha ya eksirei. Asubuhi mtu huyu hawezi kufunga kifungo cha shati. Saa nne viungo vimelegea, yuko shambani na jembe. Watu wa nyumbani husema ni mvivu wa kuamka. Yeye mwenyewe, kwa kuwa ameambiwa hana ugonjwa, huanza kuamini hivyo. Usiku halali kwa maumivu, mchana amechoka, na kwa haya ya ngozi yake haendi tena mkutano wa ushirika. Huzuni ya namna hii ni sehemu ya ugonjwa, na daktari aambiwe habari yake pia.

Tazama tena: kidole kizima kuvimba kama soseji, kucha zenye vishimo kama subana ya fundi wa nguo, kisigino kuuma, mgongo unaouma ukipumzika na kupoa ukitembea. Ukienda zahanati, vua kofia na ukunje mikono ya shati, mganga aone ngozi na viungo pamoja. Mwambie yalianza lini, na uombe kupelekwa kwa daktari wa viungo.

Dawa zipo. Moja itolewayo sana ni methotreksati, nayo humezwa mara moja kwa juma. Kuimeza kila siku kwaweza kuua. Damu hupimwa mara kwa mara, pombe daktari atakukataza au kukupunguzia, na mwanamke mwenye mimba au anayetazamia kuipata amwambie daktari kabla hajaanza.