Gharama Isiyoonekana katika Kupiga Rangi Gari: Mfano wa Kikwe, Wilayani Arumeru

Makala haya yanajadili uhusiano wa gharama na ubora katika kupiga rangi upya magari, kwa kuzingatia mazingira ya Kata ya Kikwe, kusini mwa barabara kuu ya Arusha–Moshi. Hoja inayotetewa ni kwamba mwenye gari anayeuliza bei ya rangi huwa anauliza sehemu ndogo ya gharama. Sehemu inayoamua kama kazi itadumu ni maandalizi, nayo hufunikwa na rangi yenyewe kabla gari halijatoka gereji.

Rangi ya kiwandani, pamoja na tabaka zake zote, kwa kawaida huwa na unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Utando mwembamba kiasi hicho hauwezi kuficha kasoro. Hufuata umbo la kilicho chini yake. Kutu isipoondolewa hadi kwenye bati, huendelea kula chini ya praima. Puti ikifunikwa kabla ya kukauka, hunywea baadaye na kuacha mabonde. Kwa hiyo fundi anayetaja bei ya chini mno hana budi kupunguza kitu, na rahisi kupunguza ni msasa na muda, kwa kuwa mteja havioni.

Kikwe inaongeza tatizo ambalo maelekezo ya watengenezaji hayalitaji sana, yaani maji. Visima na chemchemi nyingi za eneo la Mlima Meru zina floridi na chumvi za sodiamu kwa wingi. Msasa wa maji ukitumiwa na maji hayo kuachwa yakaukie kwenye praima, chumvi hubaki juu ya bodi. Miezi kadhaa baadaye unyevu hupenya rangi, huvutwa na chumvi hiyo, na malengelenge hutokea. Hapo lawama huangukia rangi, pengine hata duka lililoiuza, ilhali suuzo moja la maji safi ya mvua lingetosha.

Kuhusu rangi yenyewe, chaguo kuu ni kati ya NC na 2K. NC hukauka kwa thina kuyeyuka hewani tu. Ni nafuu na ya haraka, lakini hupauka upesi juani, na petroli ikimwagika karibu na mdomo wa tangi huiharibu. 2K huchanganywa na hadina na hugeuka kuwa utando mgumu usioyeyuka tena. Aina ya rangi ya gari nayo hubadilisha hesabu. Nyeupe ya Toyota yenye namba 040 ni rangi ya kawaida isiyo na chembe za kumeta. Nyeupe ya lulu yenye namba 070 huhitaji rangi ya msingi, tabaka la lulu, kisha klia. Kwa jicho la mpita njia zote mbili ni nyeupe, lakini kazi si moja. Bunduki nayo ina mchango wake: ya kawaida yenye shinikizo kubwa hufikisha kwenye bodi takriban theluthi moja ya rangi, ilhali ile ya shinikizo dogo hukusudiwa kufikisha asilimia 65 au zaidi. Rangi inayobaki hewani imekwisha kulipiwa.

Hata hivyo, kwa mwenye Noah ya abiria, gharama kubwa huenda isiwe rangi wala fundi, bali hesabu ya kila siku inayokosekana gari likiwa limelala. Shinikizo la kulitoa haraka hutoka kwa mmiliki mwenyewe. Msimu haumsaidii: masika, unyevu huipa NC ukungu mweupe, Juni na Julai, baridi huchelewesha 2K, kiangazi, vumbi la udongo wa volkano hutua kwenye klia mbichi. Fundi asiye na chumba cha kupigia rangi hana msimu usio na dosari.

Ubora una bei nyingine inayolipwa na fundi. Hadina za 2K zina isosayaneti, kemikali zinazoweza kusababisha pumu ya kazini, na barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wake. Makubaliano ya bei yasiyohesabu barakoa yenye kichujio cha mvuke humhamishia fundi gharama hiyo.

Mteja ana vipimo vichache. Kitambaa chenye thina, kikisuguliwa mahali pasipoonekana, huchukua rangi ikiwa ni NC, lakini si 2K iliyokomaa. Sumaku iliyofungwa kitambaa hushika kwa ulegevu mahali penye puti nene juu ya bati la chuma. Kusuuza chumvi hakuna kipimo cha namna hiyo. Mteja hulishuhudia siku ya kazi, kabla praima haijafunikwa.