INI HALIOSHWI KWA CHUPA, MSHKAJI!

Juzi nilikuwa napita zangu Mtaa wa Kongo, Kariakoo, mara nikadakwa na muuza dawa. Kapanga chupa za maji ya kahawia juu ya turubai. "Bosi wangu, hii inaosha ini. Siku tatu tu, unakuwa mpya!" Nikamuuliza mna nini ndani. "Mizizi." Mizizi gani? Akacheka.

Mimi sikucheka. Nina mshkaji wangu, tumekua wote Gerezani. Macho yalianza kuwa ya njano, mkojo kama chai ya rangi. Badala ya kwenda hospitali akanywa chupa kama zile mwezi mzima. Ya kwanza nilimnunulia mimi. Alipopimwa, kumbe homa ya ini aina B, na ini limeshaanza makovu.

Msomaji wangu, ini ndilo linalochuja sumu mwilini, halingoji kuoshwa. Linataka kupunguziwa mzigo tu. Unachomeza kinapita kwake, pamoja na mizizi usiyoijua.

Jikoni je? Yapo ya maana. Karanga na mahindi yenye ukungu tupa, hata ukiuziwa kwa bei ya bure. Ukungu huo huleta sumukuvu, na kupika hakuimalizi. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu Dodoma na Manyara. Chipsi na soda za kila usiku punguza, maana ini hujaa mafuta hata kwa asiyegusa pombe. Rudi kwenye matembele, maharage na samaki.

Pombe ndiyo usiseme. Viroba vilipigwa marufuku mwaka 2017, lakini ini halisomi lebo. Kiroba, bia au gongo, kwake mzigo ni ule ule.

Na ile kahawa chungu ya vikombe vidogo pale barazani? Kunywa, baba! Tafiti nyingi zimeona wanywaji kahawa hawaugui sana ini. Kashata tu ndiyo uzihesabu, sukari ile!

Ila homa ya ini aina B haizuiwi na kahawa wala matembele. Kinga yake ni chanjo. Watoto wa Tanzania walianza kupewa mwaka 2002. Wewe uliyezaliwa kabla, kapime. Ukikutwa huna, chanjwa.

Mshkaji wangu sasa anameza kidonge kila siku, tena cha hospitali. Jioni tunakaa barazani na kahawa yetu. Ile chupa ya kwanza hajawahi kunilaumu. Mimi mwenyewe ndiyo sijaisahau.