Ndege Kuukuu na Daftari Lake

Askari anayekabidhiwa bunduki ghalani huutazama mtutu, huisoma nambari, kisha hutia sahihi daftarini. Hatosheki na mwenzake kumwambia kwamba silaha ni nzima. Mwezi wa Aprili 2014 Jeshi la Anga la Uingereza lilifikiwa na swali la namna hiyo hiyo juu ya ndege ndogo zilizotumika kuwafundisha vijana wa kadeti kuruka: je, yaweza kuthibitishwa kwamba kila moja yafaa kupaa? Jibu la uhakika halikupatikana, na safari zote zikasimamishwa.

Ndege hizo zilikuwa za aina mbili, zote kutoka kiwanda cha Grob cha Ujerumani. Viking haina injini. Huvutwa juu kwa waya mpaka ipate kimo, kisha huachiwa ielee hewani. Vigilant, ambayo kiwandani huitwa G109B, ina injini puani, viti viwili vilivyo sambamba, na mabawa yenye urefu wa mita 17.4 toka ncha hata ncha. Rubani akishapata kimo aweza kuizima injini na kuelea kama mwewe. Iliingia kazini mwanzoni mwa miaka ya 1990 kushika nafasi ya Venture, ambayo mabawa yake yalikuwa ya mbao. Kwa hiyo ilipofika 2014 ilikuwa imetumika zaidi ya miaka ishirini mikononi mwa wanafunzi, na hakuna aijuaye njia ya kuibamiza ndege chini kama mwanafunzi.

Uzee wa ndege ya mbao haufichiki sana. Maji yakikosa pa kutokea hukaa ndani ya bawa na kuozesha mbao. Gundi ya zamani iliyotokana na maziwa huliwa na ukungu. Mabomba ya chuma ya kiwiliwili hupata kutu kwa ndani, huku rangi ya nje ikimeta. Fundi mzoefu huvifungua vijitundu vya kutolea maji, hunusa, na huingiza taa na kioo penye giza.

Vigilant haikujengwa kwa mbao. Imefumwa kwa nyuzi za kioo zilizoloweshwa utomvu wa kemikali ukagandishwa, na uzee wake ni wa siri zaidi. Jua kali huudhoofisha utomvu, ndiyo sababu ndege za namna hii hupakwa rangi nyeupe. Ufa mwembamba juu ya rangi huenda ukawa ufa wa rangi tu. Huenda pia ukawa umeshuka hata kwenye nyuzi. Hapo fundi hukwangua rangi taratibu mpaka ajue mwisho wake. Kisha huchukua sarafu, akagonga bawa shubiri kwa shubiri, kama mama anavyokigonga chungu sokoni kabla ya kukinunua. Palipo pazima hulia kwa sauti kali. Pale tabaka zilipoachana sauti hufifia. Kazi hii haitaki haraka wala kelele bandani.

Zipo pia sehemu zisizoweza kupuuzwa hata siku moja: pini ziungazo mabawa na kiwiliwili, na mhimili mkuu uliomo ndani ya bawa. Mtu mmoja hushika ncha ya bawa na kulisukuma mbele na nyuma, mwingine hutega sikio kwenye shina. Mlio mdogo hapo ni dalili ya ulegevu, na katika bawa refu kiasi hicho ulegevu kidogo huzidi kila safari. Aidha, kila kiraka na kila koti la rangi huongeza uzito. Uzito ukizidi kwenye usukani wa mkia, mizani yake hupotea, nao waweza kuanza kutetemeka kwa mwendo wa kasi hata ukavunjika. Ndiyo maana baada ya kupakwa rangi usukani hupimwa upya, na ndege nzima ikapelekwa kwenye mizani.

Hapa ndipo daftari linapoingia. Kiraka kilichofanywa miaka kumi iliyopita hakionekani chini ya rangi. Nani alikifanya, kwa utomvu gani, katika joto gani? Kama hakuna aliyeandika, fundi wa leo hana njia ila kukichimbua au kukitilia shaka. Naye rubani hana haki ya kumpandisha kijana wa watu katika shaka hiyo. Wapo wasemao kwamba makaratasi huwapotezea mafundi muda. Waulizwe ni muda gani uliopotea Uingereza.

Maana mwezi wa Machi 2016, karibu miaka miwili baada ya safari kusimama, serikali ya huko ilitangaza kwamba Viking zisizopungua 73 zingerudishwa kazini, lakini Vigilant zisizozidi 15 tu. Hata hizo hazikudumu: mwaka 2018 Vigilant ziliondolewa jeshini. Vijana walioingia kadeti kwa hamu ya kuruka, wengi wao walimaliza muda wao bila kupanda ndege hizo.

Nyingi ya Vigilant hizo zilichukuliwa baadaye na Aerobility, chama cha hisani cha Uingereza kinachowarusha watu wenye ulemavu, zikaanza kufanyiwa matengenezo makubwa na kutiwa injini mpya. Kila moja ilipaswa kupata hati za kiraia kabla ya kuruka tena.