Gredi ya 9: Mkondo kwanza, jina la shule baadaye

Wanafunzi wa Gredi ya 9 waliotangulia kuingia sekondari ya juu nchini Kenya waliteua shule 12 mwaka 2025: 9 za bweni na 3 za kutwa. Wazazi wengi hukimbilia majina makubwa. Kinachopasa kutangulia ni mkondo, yaani sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo, kwa kuwa si kila shule ya umma ina mikondo yote mitatu. Mtoto apendaye muziki aweza kujikuta katika shule yenye sifa tele isiyoufundisha. Nafasi za kutwa nazo zisijazwe ovyo. Karo ya bweni ikikosekana, huenda shule hiyo ya jirani ndiyo atakayosomea miaka 3.